Ukuta Wangu Umeota Kitambi

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na jua lililofuata halikuwa na huruma. Nimerudi kutoka Chanika na matope hadi magotini. Nina aibu pia, na ni bora niiandike sasa kabla sijaanza kujitetea.

Kwa wasionifahamu, kazi yangu ni kuandaa semina za mafundi, wale wanaojenga kuta za mawe na kupanga matofali ya peving kwenye nyua za watu. Ya safari hii ni keshokutwa, hapahapa Mbezi. Ukumbi nimepata, wali kuku nimeagiza, fulana ziko kwenye maboksi. Somo la kwanza nililiita "Makosa ya Mafundi", na picha ya kwanza ni ya ukuta wa kuzuia udongo uliovimba katikati kwa sababu haukuachiwa matundu. Mvua ikinyesha, maji yanajaa nyuma yake, yanakosa pa kutokea, yanausukuma. Jumapili niliitupia picha hiyo kwenye grupu la mafundi, iwe kionjo.

Walicheka sana. "Huyo kala saruji ya watu," mmoja akaandika. Mwingine akauliza huyo fundi kajifunzia kwa nani. Na mimi nikaweka kikatuni cha kucheka.

Ukuta ule ni wangu.

Uko nyuma ya jiko langu. Nilipopiga picha nilikwepa geti na kamba ya nguo, nikajiambia nani atajua. Nilisahau kwamba fundi wa mawe huitambua kazi yake kwa jinsi alivyochora mistari ya saruji kati ya jiwe na jiwe, kama mwalimu anavyoutambua mwandiko wake ubaoni. Aliyeujenga ni Fundi Mbaraka, mzee wa Newala anayeishi Chanika, na yumo kwenye grupu. Chini ya vicheko vyote aliandika neno moja tu: "Nitakuja."

Hili lifuatalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ya kujenga, Fundi Mbaraka alikuja na vipande vya bomba amekwishavikata, avipachike ukutani maji yapate njia. Mimi, mwenye cheti cha ujenzi, nikakataa. Nilikuwa ndiyo nahamia, wageni walikuwa njiani, na sikutaka ukuta unaotoa makamasi. Nilimwambia hivyohivyo, makamasi. Alinieleza mara mbili. Alipofungua mdomo mara ya tatu nikamwambia kama hawezi, nitaita mwingine.

Leo nikamfuata Chanika, kwa kisingizio cha kumpelekea ratiba. Nilimkuta amechuchumaa kwenye uwanja wa nyumba mpya, anagonga peving kwa nyundo ya mpira, haraka hana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Injinia. Ukuta unaendeleaje?"

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja kwenye grupu. Nilitamani anifokee, labda ningepata nafuu.

"Mie niseme nini? Mambo ya nyumba ya mteja siyatoi nje. Halafu mie ndo nilojenga. Kazi niliitaka, nikanyamaza." Akagonga peving nyingine, akaipima kwa jicho. "Matundu wote tunayajua, Injinia. Kumwambia mwenye nyumba hapana, hapo ndo tunashindwaga. Semina yenu ina hilo?"

Haina. Nimeandaa semina hizi mara nyingi na halijawahi kunijia kichwani. Siku zote nimewafundisha wanachokijua, wakanipigia makofi kwa adabu, wakachukua fulana na kwenda zao.

Nimefika nyumbani nikafuta kichwa cha somo. Sasa kinasomeka "Mteja Akikataa". Kisha nikashika simu. Kuandika hakukunishinda. Kutuma ndiko kulikonitisha, maana bosi wangu yumo kwenye grupu, na sifa yangu kwenye kazi hii ni kwamba najua ninachofundisha.

"Ule ukuta ni wa kwangu. Matundu nilikataa mimi. Fundi alinieleza mara mbili, nikamtishia kumnyang'anya kazi."

Nimetuma.

Hakuna kikatuni hata kimoja. Bosi amesoma, hajajibu, na sijui kama keshokutwa nitasimama mbele ya mafundi nikiwa bado nina kazi. Nikatoka, nikaenda nyuma ya jiko, nikauwekea ukuta kiganja pale ulipotuna. Ulikuwa umelowa na wa baridi, na nikajikuta nauomba msamaha, ukuta wa mawe, mtu mzima mimi.

Niliporudi ndani nikakuta ujumbe. Fundi Mbaraka, humohumo kwenye grupu, mbele ya wote.

"Jumamosi nakuja na tindo. Makamasi utayazoea."