Utitiri wa Unga, Mpepai

Jumanne, 9 Mei 1995
Mpepai tena, kukagua vitalu vya kahawa. Kazi ya bibi shamba. Ukungu haukuondoka. Jioni nikapitia unga kwa Selina. Tangu ushirika uliache ghala, yeye na mumewe wamelikodi, wanauza unga na pumba. Mikono imemjaa vipele. Wanawake wawili wanaomsaidia kupakia nao vivyo hivyo. Selina ni mtu wa Lituhi, kule Ziwa Nyasa, kaolewa huku juu. Watu wanasema kaja na uchawi wa ziwani. Nimekasirika.

Alhamisi, 11 Mei
Dawa ya upele ya zahanati haijasaidia. Mama mkwe wa Selina kamwambia mwanawe amrudishe kwao. Mume kanyamaza. Simpendi kwa kunyamaza kule.
Nimechukua unga wa magunia ya chini. Unanuka vibaya, utamu-utamu wa ajabu. Nikaumwaga kwenye sinia nyeusi, nikausawazisha kwa rula. Nikaenda kupika chakula changu, nikala. Kurudi, uso wa unga umevurugika, vijishimo kila mahali. Hakuna aliyeugusa.

Jumamosi, 13 Mei
Nimeutazama unga kwa lenzi. Vidudu. Fukusi wana miguu sita, hawa minane. Weupe, laini, vinywele virefu nyuma. Wadudu wa upele huishi ndani ya ngozi. Hawa wanakula unga. Ni utitiri. Unyevu umewalea. Ukiwashikashika, ngozi inawasha. Basi. Nimefurahi hadi nikaona haya.

Jumatatu, 15 Mei
Nimepeleka sinia na lenzi kwa Selina. Mama mkwe aliitikia shikamoo yangu shingo upande. Akainamia lenzi muda mrefu.
"Kumbe wanatembea," akasema.
Akajifunga khanga upya, akatoka. Hakuomba radhi. Magunia ya chini tumeyachoma, mengine yataanikwa, na chini yake tumepanga mbao. Nilidhani Selina atafurahi. Akaniuliza, "Dada, na kama kioo kisingeona kitu?"
Nikaifuta lenzi, nikaitia mfukoni.

Jumapili, 21 Mei
Baada ya misa Selina amepanda lori la Lituhi. Hakufukuzwa. Kaamua mwenyewe. Mama mkwe alimbebea furushi hadi barabarani. Dereva alipowasha gari ndipo mama mkwe akamuuliza atarudi lini.
"Moyo ukitulia, mama."
Mama akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama pale mpaka vumbi likatua. Mume alikuwa ghalani, anageuza unga. Jua lilikuwa zuri leo.