Usipokee Pongezi Zao, Mama

Kwa mama yangu, Bi Mwanaisha, Mambrui.

Nakushika miguu, mama. Goti lako lasemaje, na pumu ya baba imetulia? Mimi ni mzima wa mwili. Chakula napata, na alasiri askari wa gereza hututoa uwanjani tukaota jua.

Barua ya ndugu yangu Athmani imenifika. Asema watu wanakuja barazani kukupa mkono, ati umezaa simba wa dini. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu, maana siku zote hizi nilishindwa kukuandikia kwa haya.

Mama, wamedanganywa, kama nilivyodanganywa mimi.

Wajua Mheshimiwa aliniajiri nimlinde kwa kuwa mimi ni mgeni wa nchi hii, sina upande. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na kila Ijumaa alisimamisha gari nikaenda kusali. Kisha msikiti wa sokoni ukachomwa moto, watu wakaanza kuuana. Rafiki zangu wa msikitini wakaniambia, "Bwana wako ndiye aliyetoa amri. Nawe wamlinda?" Sikumuuliza. Nilipanda naye gari moja kila siku, mama, na sikumuuliza.

Asubuhi ile alishuka garini karibu na soko, akawazuia askari. "Wakiona bunduki nyingi wataogopa. Swaleh atanitosha." Akatangulia, akanipa mgongo. Nikampiga risasi mgongoni. Akageuka, akasema, "Swaleh, ni wewe?" Hakusema jingine.

Mahakamani nilisimama kifua mbele, mpaka alipoitwa imamu wa msikiti ule uliochomwa. Mzee wa watu alilia. "Sisi ndio tuliomwita," alisema. "Alikuwa anakuja tupatane, tuujenge upya." Tangu hapo siinui uso. Na kwa kifo chake wameuawa wengi zaidi, wa kwao na wa kwetu.

Basi akija mtu na pongezi, mwambie mwanao alipewa amana akaiua. Mjane wa Mheshimiwa nilimtumia salamu za kumwomba radhi. Hakujibu, wala simlaumu.

Nimehukumiwa kunyongwa. Baba asiuze shamba la Sabaki kutafuta wakili. Sikati rufaa.

Nisalimie baba, na Athmani asiache kuniombea. Nisalimie ami Bakari fundi wa milango, na shangazi Zena aliyenilea ulipokuwa mgonjwa. Wasinitetee mbele za watu.

Liko moja bado, nalo ni dogo, lakini laniuma. Leso ile ya Idi, uliyosema hujapata kujifunga nzuri kama hiyo, sikuinunua mimi. Mheshimiwa aliichagua mwenyewe dukani, akaikunja, akanambia, "Mpelekee mama." Nami nikakwambia yatoka kwangu.

Mwanao, kama bado waniita hivyo,
Swaleh