Simu Kutoka Kiwandani Korea

Vale, Edgar amekufa. Edgar wetu wa Kisoko.

Na simu ya kusema hivyo nimepokea mimi. Mimi, Vale!

Mamake alikuja mbio, simu mkononi, anasema ni watu wa kiwanda kule Korea, wanaongea Kikorea na yeye haelewi. Nikachukua. Bosi akaanza kueleza: mashine, asubuhi, poleni sana.

Na mimi naitikia tu "ne, ne", ndiyo, ndiyo, huku nainama, vile tulifunzwa chuo kumsikiliza mkubwa. Mama akaona nakubali kila kitu, akadhani ni habari njema. Akapiga vigelegele. Vigelegele, Vale! Majirani wakaja wakicheza.

Unakumbuka walivyonicheka nikisoma Kikorea chuo? Ati hicho Kikorea nitaongea na nani, ng'ombe? Edgar peke yake hakucheka. Alikuja kila jioni nimfunze, mpaka akapita mtihani wa lugha, akaenda huko kiwandani.

Sasa mama ananishika mikono: "Mwanangu, kumbe ulisoma kitu cha maana! Niambie, anarudi lini?"

Nimemwambia ngoja kidogo, nakuja.

Nimejifungia chooni naandika hii. Huko nje wanaimba jina lake.