Ufunguo Shingoni mwa Bwana Thigpen

Kwa dada yangu mpendwa Arvella,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwa baridi ya huko Detroit. Sisi huku Mississippi tunapumua, Mungu asifiwe. Sukari yangu inapanda na kushuka, sungura wamekula nusu ya mboga zangu, na mchungaji bado anahubiri mpaka kuku wa mchana anakauka kwenye oveni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, dada, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Uliposikia Renita amefukuzwa kiwandani, ulisema mwanangu ana mdomo na amepata alichokitafuta, nimfungashie mizigo aje kwako. Sasa nakujibu.

Kazi ya pale unaijua, umeifanya. Kambare wanakuja kwenye mkanda wa mashine, unapasua, unachuna, unamsukumia mwenzako. Kilichozidi ni Bwana Thigpen, msimamizi wetu mpya. Alitia kufuli choo cha wanawake, na ufunguo akauvaa shingoni kama medali. Ukibanwa unanyanyua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, naye anaangalia dari mpaka ajisikie kukuona. Ukimlalamikia anakwambia mbona wenzako wametulia, wewe kibofu chako kimetoboka? Na kweli wenzako wametulia, maana kila mmoja anaogopa peke yake.

Keyona, mjukuu wa marehemu Shemasi Tolliver, ana mimba kubwa. Siku hiyo alinyanyua mkono, akaushusha, akaunyanyua tena. Thigpen akamwambia asubiri mapumziko. Mtoto wa watu akasubiri. Mara tukaona buti zake zinalowa mkojo, na machozi yanamdondokea kwenye samaki.

Unakumbuka kanisani kwetu, Roho akimshukia mtu akaanguka, kina mama wa huduma wenye nguo nyeupe wanavyomzunguka na kumfunika magoti kwa kitambaa, asionekane na mtu? Ndivyo ilivyokuwa. Visu vikawekwa chini, Keyona akafungwa aproni kiunoni, na wanawake wote wa mkanda ule wakamzunguka, migongo nje. Hakuna aliyeagizwa. Kambare wakawa wanakuja hawana mpokeaji, wanamwagika sakafuni. Thigpen akaja mbio anauliza nani ameanzisha upuuzi huu. Renita akamwambia, "Mimi. Na haturudi kwenye mkanda mpaka huo ufunguo utoke shingoni mwako."

Akafukuzwa pale pale, na buti za kazi miguuni.

Dada, niliugua kwa woga. Dukani watu waliacha kuongea nikiingia. Jirani yangu Bi Hattie alisema Renita atafungisha kiwanda, aturudishe sote kuchuma pamba kama babu zetu. Ndipo akaja binti mmoja, Bi Pruitt, kutoka ofisi ya serikali inayoshughulikia haki za wafanyakazi. Alikaa jikoni kwangu, akala mkate wa mahindi, akatueleza kwamba iko sheria, ya zamani kuliko mimi na wewe, inayosema wafanyakazi wakisimama pamoja kudai jambo la kazi yao, mwajiri hana ruhusa ya kuwafukuza kwa hilo. Hata kama hakuna chama cha wafanyakazi. Hata wakiwa wawili tu. Na anayekwenda kutoa ushahidi naye haguswi. Nikamuuliza, na wakimgusa? Akasema hiyo inakuwa kesi nyingine. Nikamwambia Bi Pruitt, mwanangu, kesi haichemki chunguni. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Shida ilikuwa hapa. Kampuni ilisema Renita alikuwa peke yake, alimtukana msimamizi kwa hasira zake, na wale wengine walikuwa wanamsaidia mgonjwa tu, hawakudai kitu. Akionekana alikuwa peke yake, sheria ile haimfuniki. Alitakiwa mtu wa mkanda ule aseme. Keyona alikuwa amelazwa kitandani kwa amri ya daktari. Wengine macho chini. Na Renita aliniapisha nisithubutu, kwa sababu bima ya kazi yangu ndiyo inayonunua dawa zangu za sukari.

Sasa kaa chini, dada. Nilikwambia kwamba siku hiyo nilikuwa chumba cha kufungasha, sikuona kitu. Nilikudanganya. Kisu cha kwanza kuwekwa chini kilikuwa changu. Aproni ile ilikuwa yangu. Thigpen alipouliza nani ameanzisha, nilikuwa nafungua mdomo nijibu, mwanangu akaniwahi. Huo mdomo unaousema ulifukuzwa kazi badala yangu.

Basi siku ya kesi kusikilizwa nilivaa nguo yangu nyeupe ya kanisani, nikaenda, nikayasema yote, Thigpen amekaa pale ananikodolea macho. Wakili wa kampuni akanijia kwa sauti tamu, akasema, "Bi Ozella, wewe ni mama wa huduma kanisani. Si mlikuwa mnamhudumia mgonjwa tu, kama mnavyofanya Jumapili?"

Nikamwambia, "Hakuwa mgonjwa, mwanangu. Alikuwa anataka choo. Sote tulikuwa tunataka choo, na sote tuliweka visu chini."

Akakusanya karatasi zake, akakaa.

Hukumu bado. Bi Pruitt anasema inaweza kuchukua miezi, na kampuni ikishindwa inaweza kukata rufaa. Na ichukue. Kesho yake baada ya ushahidi nilikwenda kazini kama kawaida, roho mkononi. Thigpen akaniuliza mbele ya watu kama naijua njia ya mlangoni. Nikamjibu naijua, ndiyo niliyoingilia asubuhi.

Renita haji Detroit. Siku akija, atakuja kukusalimia, si kukimbia. Yuko hapa anaosha magari kwa mjomba wake na kungoja kazi yake.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mwambie Junior aache kuendesha gari kama mwehu. Bi Hattie anakusalimu. Siku hizi anajidai yeye ndiye aliyenipa moyo. Usinilaumu kwa uongo, na usiniogopee. Niogopee kidogo tu, kwa sala.

Tena nisisahau. Juzi nilibanwa, nikanyanyua mkono. Kabla Thigpen hajaangalia dari, mwanamke wa kulia kwangu akanyanyua wake, na wa kushoto, na ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa mkanda. Akauliza inakuwaje tubanwe wote kwa mpigo. Yule wa kulia, ambaye alipotakiwa shahidi alikuwa akitazama chini, akamwambia, "Muulize wakili wako."

Akauvua ufunguo.

Mdogo wako akupendaye,
Ozella