Mama Mkuu wa Jeddah

Jumanne, 17 Juni

Nguo za watoto ziko kwenye mashine. Nimeunguza kola ya kanzu ya bosi kwa pasi, nikaikunja kwa ndani asione. Adhana ya Magharibi ilipolia nyumba ikatulia, nikajifungia chumba cha kufulia na kuanza Masifu ya Jioni, sauti ya chini, simu mdomoni, nikirekodi kwa ajili ya grupu letu. Zaburi ya kwanza ni yangu kila siku, kwa sababu jua la Riyadh hutangulia kuzama. Wenzangu wa hapa Riyadh hunijibu, kila mmoja kutoka jikoni kwa madam wake. Baadaye jua la Jeddah nalo huzama, na Perpetua anafunga sala.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mimi naanza watu wakiwa bado wanamenya vitunguu. Yeye anafunga wakiwa wamepumua. Leo tena: Perpetua umenitoa machozi, Perpetua hebu rudia. Mimi nimepata kidole gumba kimoja, cha Jesinta, na Jesinta huwapa wote.

Ijumaa, 20 Juni

Niseme ukweli, hakuna anayenisoma. Hii jumuiya ni yangu. Mimi ndiye niliyekaa kwa masista kabla hawajaniambia nirudi nyumbani, sina wito. Mimi ndiye niliyewasimulia hawa wanawake habari za watawa wa Ulaya ya zamani, enzi za makasri na makanisa ya mawe. Walivyogawa siku kwa saa za sala. Walivyoishi ndani ya ukuta mmoja mpaka kufa. Walivyokula kimya, wakiombana chumvi kwa ishara za vidole. Jesinta alicheka, akasema basi sisi ni watawa tayari, ukuta tunao na kutoka hatutoki, kilichobaki ni kusali tu. Ndivyo tulivyoanza. Kanuni niliitunga mimi.

Sasa wanataka mama mkuu. Watawa wale walijichagulia wao wenyewe kwa kura, na sisi tutafanya hivyo Ijumaa ijayo. Nakitaka hicho cheo. Masista hawakunichagua. Hawa wanichague.

Jumapili, 22 Juni

Na Perpetua, kazi yenyewe nilimtafutia mimi. Dada yake madam, yule wa Jeddah, alikuwa anatafuta msichana, nikamtaja Perpetua kwa sababu tulisoma shule moja. Kanisani kwetu hakuwa hata kwenye kwaya. Alikuwa anauza soda siku za harambee. Leo ana sauti. Aliitoa wapi?

Jumatano, 25 Juni

Mafi maji, hakuna hata tone, tangu asubuhi. Nimefua kwa ndoo. Madam ananinunia kana kwamba ni mimi niliyefunga bomba. Jioni nimeimba vibaya na ninajua.

Ijumaa, 27 Juni

Kila mmoja alimtumia Jesinta jina kwa faragha, kwa vile yeye ndiye mkubwa wetu. Amekaa mtaa wa Shumaisi, hapa hapa Riyadh, miaka mingi na tunamwamini. Akatangaza: Perpetua. Nilipompigia kumuuliza ilikuwaje, alinijibu kwa upole sana, mami, usiulize. Ule upole ndio ulionimaliza.

Nilijipigia kura mwenyewe. Nadhani ilikuwa hiyo hiyo moja.

Nimemwandikia Perpetua hongera dada, na maua. Kisha nikasugua tanuri ambalo halikuwa chafu.

Jumapili, 29 Juni

Nimekuwa nikirudia rekodi zake moja moja, natafuta noti aliyokosea. Sikuipata. Nimepata kitu kingine. Kwenye ile ya juzi, baada ya Amina, kabla hajazima, kuna mwanamume. Yuko karibu naye, chumba kimoja. Anasema kwa Kiswahili cha pwani, tena taratibu: Usende. Imba tena.

Dereva wa nyumba ile ni Mpakistani. Bosi wao hajui neno la Kiswahili. Ni nani huyo?

Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi hadi madam akaniuliza nacheka nini.

Alhamisi, 3 Julai

Kesho ni kikao cha makosa. Hicho nacho nilikileta mimi. Watawa wale walikusanyika, kila mmoja akakiri kosa lake mbele ya wote, na aliyeona kosa la mwenzake akalitaja. Aliyetajwa hakuruhusiwa kujitetea. Alisema nimekosa, halas, basi. Kama kosa ni kubwa, alilazwa kifudifudi mlangoni pa kanisa na wenzake wakamruka wakiingia kusali. Sisi hatuna mlango. Adhabu yetu ni kunyamaza: unasikiliza, huimbi, huongozi.

Mpaka leo tumetajana vitu vidogo tu. Kusinzia. Kumsengenya madam.

Ningeweza kumpigia nimuulize. Dada angefanya hivyo. Sitaki kumuuliza, kwa sababu anaweza kuwa na jibu.

Ijumaa, 4 Julai

Nimemtaja. Nikaitupa ile rekodi kwenye grupu wote waisikie.

Wote tunajua mwanamume kwenye chumba cha mfanyakazi ni nini nchi hii. Hilo neno likitoka kwenye simu zetu, si kurudishwa kwao tu, ni jela. Jesinta akaniuliza, Konsolata, una hakika? Nikasema, si mmesikia wenyewe?

Perpetua akatuma sauti. Neno moja tu, nimekosa. Hakulia wala hakueleza.

Amewekwa kwenye kimya. Mimi nimepewa nafasi yake. Jioni nilianza sala, na jua la Jeddah lilipozama nikaifunga mimi pia. Hakuna aliyeandika kitu. Nilidhani itakuwa tamu kuliko hivi.

Jumatatu, 7 Julai

Jeddah. Likizo ya watoto, familia nzima tumehamia kwa dada yake madam, mtaa wa Nuzha. Joto la huku limelowa, nguo inakushika mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho ya Perpetua. Alifungua mlango, akanipokea begi, akasema karibu Mama Mkuu. Hakuwa ananikejeli. Ningependa angekuwa ananikejeli.

Kile chumba cha karibu na jikoni, ambacho Ramadhani tulipokuja tulikuwa tunapangia mazulia, sasa kina kitanda. Kuna mzee. Ni babake bosi wa hapa, aliletwa baada ya kuanguka. Alizaliwa Mombasa, akakulia huko mpaka ujana wake. Sasa akili imerudi nyuma, Kiarabu kimemtoka kabisa, amebaki na Kiswahili cha utotoni. Watoto wake mwenyewe hawamwelewi. Jua likizama anaingiwa na woga, na Perpetua anakaa naye. Anadhani zile zaburi ni nyimbo za mamake. Madam wa hapa anajua huwa anaimbiwa. Anaimbiwa nini, hajauliza.

Perpetua aliinuka kuchukua glasi ya maji. Mzee akamshika mkono. Usende.

Sauti ni ile ile.

Nilimfuata jikoni nikamwuliza mbona hukusema. Aliendelea kupangusa meza. Konso, akasema, si wewe uliyetufundisha kwamba mtu hajitetei?

Nimeosha vyombo ambavyo hata si vya zamu yangu.

Jumatano, 9 Julai

Perpetua alipelekwa sokoni kubeba mizigo. Nikaachwa na mzee. Adhana ikalia, akaanza kuhangaika, anavuta shuka, anaita mtu. Nikasema ndiyo hii nafasi. Nikaketi, nikamwimbia. Sijawahi kuimba vile. Hata kwa masista sikuimba vile, sauti ilitoka safi, haikutetemeka popote, nikajisikia mwenyewe nikashangaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Akanipapasa mkono. Ahsante mwanangu, akasema. Sasa niitie yule mwengine.

Hajui jina la mtoto wake. Hajui yuko mji gani. Ila anajua mimi siye.

Nimemchukia yule mzee. Dakika hizo nilimchukia kweli, mgonjwa, kitandani. Kisha nikaenda kuangalia dirishani kama gari limerudi, maana alikuwa ananiomba nimwangalizie.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepika kabsa, ule wali wao wa nyama, imeungua chini. Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 11 Julai

Kikao cha makosa. Niliomba kutangulia. Nikasema mwanamume yule ni nani, ana umri gani, analalia nini. Nikasema ningeweza kuuliza na nilikataa kuuliza. Nikasema nilikitaka cheo, na kwamba sikumtaja Perpetua kwa ajili ya Mungu hata kidogo. Perpetua alikuwa nyuma yangu anakata bamia, na kisu hakikusimama.

Kisha Jesinta, sauti yake imechoka: Konsolata, sasa wewe nyamaza, mpaka tukuambie. Na Perpetua aturudie leo leo.

Nikasema nimekosa. Nilitamani kuongeza kwamba jumuiya niliianzisha mimi. Nikameza.

Jumapili, 13 Julai

Feni ya chumba cha mzee imetengenezwa. Watoto wote wako baharini na wazazi wao, nyumba imepoa.

Magharibi mzee alimshika Perpetua mikono yote miwili, hakukubali kuiachia, kwa hiyo simu nimeishika mimi, karibu na mdomo wa Perpetua. Akafunga sala. Mimi sina ruhusa ya kuimba, hata kuitikia. Nimesimama tu.

Wivu haujaisha. Uko palepale kifuani, nausikia kila sauti yake inapopanda juu. Mkono ulikufa ganzi, lakini simu sikuishusha mpaka aliposema Amina.