Kutu Chini ya Maboga

Sumbawanga,
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama aipokee shikamoo yake hukohuko jikoni. Magoti yako yanaendeleaje, na mvua je, imewakumbuka? Sisi huku wazima, ila baridi ya Ufipa inanivalisha sweta mbili za mitumba, moja juu ya nyingine, na bado Deo mume wangu ananicheka. Najua anayekusomea barua hii ni Kabula. Basi wewe Kabula, mdogo wangu, soma polepole na usiruke kitu.

Barua yako niliipata, baba. Ilikuwa na swali moja tu: "Je, ng'ombe anashika kutu?" Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikatafuta kalamu. Habari uliyosikia ni ya kweli. Bwawa limepasuka.

Wale ng'ombe wawili ulionipa nilipoolewa, ukasema ni wangu mwenyewe, niliwauza nikanunua bwawa la kuogelea la wageni waliojenga barabara, walipofunga kambi yao. Si bwawa la kuchimba. Ni ukuta wa bati uliozungushwa kama kihenge, unasimama juu ya ardhi, na ndani limetandikwa turubai la plastiki la kushika maji. Nilitaka kufundisha watoto kuogelea kama wifi yangu alivyonifundisha mimi kule ziwani Kasanga. Sababu unaijua. Tangu ndugu yangu Masanja azame lamboni akinywesha ng'ombe, sijamwona mtoto karibu na maji nikatulia.

Sasa sikia lilivyoharibika. Jirani yangu, Mama Restituta, ni mkulima hodari, na Wafipa wana namna yao ya kulima: wanakata majani na udongo wake, wanayafunika kwenye vilima vya duara, yaozee humo yawe mbolea. Wanaviita ntumba. Kiangazi upepo ulipoanza kuvuma, akaja na jembe lake begani.

"Weee, mama, upepo wa huku utalibeba hilo sufuria lako. Ngoja nilishikilie."

Akalizungushia ntumba pande zote, akapanda na maboga juu. Nami nikamshukuru, tena nikampikia chai. Maboga yakatambaa mpaka ukingoni, watu wakawa wanapita kuangalia. Kumbe majani yanaoza ndani, udongo una unyevu masika yote, na bati linaliwa taratibu mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Asubuhi moja niliinama kuchuma boga. Nilipolivuta, maji yakaniruka kifuani. Nikaupangusa udongo kwa mkono, bati likabomoka vidoleni kama mkate mkavu. Hata sijamwita mtu, ukuta ukapinda, na bwawa zima likamwagika barabarani na maboga yake. Hakukuwa na mtoto ndani. Baba, nilikaa kwenye tope, nikilia kwa hasira.

Mama Restituta alikuja mbio, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nimekuua, mama! Nimekuua!" Kisha akatazama chini: "Lakini maboga yalinenepa." Niambie, mtu kama huyo unamgombezaje?

Fundi Kizito, anayetengeneza ndoo na makarai pale sokoni, alikuja kuangalia. Akagonga bati kwa kidole huku na huku.

"Kuchomelea haiwezekani, bati jembamba hili. Uza tu. Watu watapata mabati ya banda la nguruwe."

"Juu limeoza?" nikamuuliza.

"Juu zima. Chini ndiko kumekwisha, kama shubiri mbili."

"Basi kata hizo shubiri mbili, mzunguko mzima."

"Litakuwa fupi, dada."

"Na liwe fupi."

Tukafungua nati, tukalilaza bati uani kama mkeka. Kizito akakata kwa mkasi wa bati na nguzo akazipunguza. Mimi nikasugua madoa yaliyobaki kwa brashi ya waya mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Siku hizi za ruksa ya kuuza kila kitu inapatikana dukani. Zamani zile za foleni ya sukari ningeitoa wapi? Turubai lilipochanika nikaziba kwa solusheni ya baiskeli. Mama Restituta alitandaza mchanga chini, akachimba mfereji wa kupitisha maji, na maboga akayahamishia kwake. Bwawa limesimama, baba. Halivuji.

Kwa hiyo jibu lako hili hapa: ng'ombe hashiki kutu, ila ugonjwa wa ndigana unaujua wewe. Na ng'ombe wako siwarudishi.

Jana nililijaza nikaingia peke yangu, baridi ikaniuma meno. Nikasimama katikati. Maji yalinifika kiunoni. Hapo nikaikumbuka siku uliyoingia lamboni kumtoa Masanja, nami nimesimama ukingoni. Yalikufika kiunoni, baba. Miaka yote tumewaambia watu kwamba lambo lilikuwa na kina kirefu, na mimi nimesema hivyohivyo. Halikuwa na kina. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Na sasa anayechota maji lamboni ni Kabula. Likizo hii nipe Kabula. Apande treni mpaka Mpanda, Deo atampokea na lori la mahindi. Nitakurudishia akijua kuelea.

Msalimie shangazi, mwambie sweta yake naitafuta. Kaka mkubwa na mkewe nawasalimu, na mwalimu wa Kabula pia, kwa kumfundisha kusoma vizuri namna hii.

Ni mimi binti yako,
Minza

Kabula, kama sauti ilikukwama pale kwenye jina lako, rudi hapo. Msomee baba tena, asikie vizuri.