Marahaba ya Mwisho wa Tuta

Shangazi,

Shikamoo. Najua huitikii sasa hivi. Hata ulipokuwa hai hukuitikia katikati ya tuta. Mtu alipopita shambani kwako hapo Kibuta akakusalimu, jembe liliendelea kupanda na kushuka, pumzi ikiingia na kutoka, mpaka umalize tuta. Ndipo unyooshe mgongo: "Marahaba, mwanangu. Za huko?" Aliyesalimu keshapotelea konani.

Ndiyo maana msibani waliniudhi. Nimekaa mkekani, nawasikia: "Marehemu alikuwa na maringo, hata salamu haitikii!" Maringo gani, na miguu ile yenye magaga?

Ila hata mimi nimechelewa kukuelewa. Presha ilinipanda, daktari akasema nijifunze tafakuri: nikae, nifumbe macho, nifuate pumzi. Nikakaa. Kichwani nikawa nagawanya mifuko ya simenti kwa matofali. Biashara yangu ya matofali hapa Sofu nimeijenga kwa mikono hii, sikubebwa na mtu. Kukaa bure sijui. Siku moja vibarua walichelewa, nikashika koleo mwenyewe, nikachanganya mchanga na simenti kimya, pumzi moja koleo moja. Rundo lilipoisha, kichwa kilikuwa chepesi. Nikacheka peke yangu. Kumbe Shangazi ulikuwa unatafakari, na mihogo inapaliliwa papo hapo! Nikawasimulia vibarua habari zako; siku hizi wakiniona hivyo wanaonyana: "Msimsemeshe bosi, yuko tutani."

Sasa, shamba ulilotuachia. Jumamosi kaka Festo alikuja kutaka tuliuze. "Nani atalima? Wewe bosi wa matofali?" Matusi yalinifika mdomoni, Shangazi. Yangetoka, tusingezikana. Nikachukua jembe lako nikaingia kwenye magugu. Akanifuata anafoka, nami nikaendelea kulima. Akaazima jembe kwa jirani, akashika tuta la pembeni ili anifokee kwa karibu. Unamjua Festo na kitambi chake! Maneno yakapungua, ikabaki pumzi. Tulipofika mwisho, tulikuwa tunahema wote wawili.

Nikamwambia taratibu, "Mimi siuzi, kaka."

Akafuta jasho, akageuka kutazama tulikotoka. Alitazama sana.

"Basi tupande mihogo kwanza."

Ningependa ungemwona.

Lala salama, Shangazi. Nakuahidi shamba lako halitaota msitu, na atakayenisalimu nikiwa katikati atasubiri. Shikamoo yako nimeshaitoa. Marahaba nitaipokea nikifika mwisho wa tuta langu.

Mwanao wa Sofu